Kikundi: Wana wa Babu (Ziwani Jumamosi)

JUMATANO

Shangazi Rehema, 19:04
Habari za jioni wote. Jumamosi iko palepale. Kuzunguka ziwa ni kilomita 9, na tukipitia mgongo wa kilima tunapanda mita 300. Saa 1:30 asubuhi tunaanza KUTEMBEA, si kutoka nyumbani. Nani anakuja na watoto wangapi?

Shangazi Rehema, 19:31
Naona tiki za bluu kumi na moja. Majibu sifuri.

Mama Tumaini, 19:40
Mimi na wawili wifi. Mdogo atakaa kwenye kibebeo.

Anko Faraji, 19:43
Kilomita 9 mbona masaa mawili tu

Shangazi Rehema, 19:47
Mawili yako wewe. Kuna hesabu ya Naismith, mpanda milima Mskoti, ya tangu 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 9 ni saa 1 na dakika 48, kilima nusu saa. Jumla saa 2 na dakika 18, na huyo ni mtu mzima asiyesimama. Mtoto wa miaka sita anasimama kwa kila konokono. Zidisha mara mbili, ni kama saa nne na nusu. Tunamaliza saa 6 mchana.

Sele, 19:48
Konokono nao wawekwe kwenye ratiba 😂

Mama Tumaini, 19:55
Sasa alfajiri yote hiyo ya nini? Watoto wamefunga shule, waache walale

Shangazi Rehema, 19:58
Ni mawingu wifi. Jua likishapasha miteremko, hewa inapanda na mawingu yanajijenga juu ya kilima. Radi za milimani mara nyingi ni za mchana. Saa nane sitaki tuwe mgongoni.

Sele, 19:59
Mgongoni mwa nani Shangazi? Mimi wangu una kibiongo usinihesabu

Anko Faraji, 20:00
🤣🤣🤣

Shangazi Rehema, 20:01
Chekeni. Nani ana kipenga?

Sele, 20:02
Anko Faraji akilala anapiga chenyewe

Anko Faraji, 20:02
Wewe mtoto wewe

Dada Neema, 22:16
Samahani nimechelewa kusoma. Viatu visiwe vipya, tafadhali. Kucha zikatwe kesho, si Jumamosi asubuhi. Soksi za pamba ziacheni: zikilowa jasho hazikauki, ngozi inalainika, msuguano unamaliza kazi. Sufu au nailoni, na jozi ya akiba kwa kila mtoto.
Kabla ya kushuka mfungue kamba upya. Mtoto apige kisigino chini mara mbili ili mguu urudi nyuma ya kiatu, ndipo mkaze pale kwenye kifundo. Kamba ikilegea mguu unateleza mbele, vidole vinagonga, na kucha inakuwa nyeusi.
Mtoto akisema "panachoma" simameni palepale. Hapo bado ni wekundu tu, baada ya mita 500 ni lengelenge. Kausheni, bandikeni teipu bila mkunjo, na pembe zake zikatwe mviringo. Pembe kali inakunjuka ndani ya soksi na kusugua upya.

ALHAMISI

Shangazi Rehema, 06:12
Asante Neema. Njia: tunaenda ziwa likiwa kushoto. Tunapanda upande wa nyasi, tunashuka upande wa mawe. Mandhari ya kule nzuri kwa picha.

Dada Neema, 12:50
Shangazi geuza. Upande wa mawe ndio upandwe, ziwa likae kulia. Ukipanda mawe jiwe liko mbele ya macho na mkono unashika. Ukishuka huoni unapokanyaga, uzito unaelemea mbele, na miguu imeshachoka. Watu wengi huteguka wakati wa kushuka. Nyasi mteremko wake mpole, tushukie huko.

Anko Faraji, 12:58
Asubuhi mawe si yana umande

Dada Neema, 13:04
Swali zuri. Mawe yanaangalia mashariki, jua la kwanza ni lao. Tukifika pale saa tatu na nusu yatakuwa yamekauka. Yale ya kijani ndiyo ya kuogopa, yanateleza hata jua likiwaka.

Shangazi Rehema, 13:10
Nitafikiria. Mpangilio sasa: Faraji mbele, mimi katikati, Mama Tumaini na watoto nyuma.

Mama Tumaini, 13:12
Shemeji mbele TENA?

Anko Faraji, 13:13
Tusianze

Mama Tumaini, 13:13
Sijaanza mimi. Aliyeanza ni yule aliyeipita njia panda bila kugeuka nyuma.

Anko Faraji
_Ujumbe huu umefutwa_

Sele, 13:15
Nimeuwahi 👀

Shangazi Rehema, 13:16
Tuongelee maji! Mtu mzima lita 2, mtoto lita 1, na chupa nyingine zibaki kwenye gari. Mkoba wa mtoto usizidi sehemu ya kumi ya uzito wake. Wa kilo 20 abebe kilo 2 tu, na hapo chupa ya lita imeshakula nusu. Vya kutafuna kila baada ya dakika 45, msingoje walie. Mtoto mwenye njaa hasemi njaa, anasema miguu inauma.

Sele, 13:20
Si tuchote ziwani tu, maji yote yale

Dada Neema, 13:38
Kuwa safi kwa macho si kuwa salama. Dharura ikitokea: chuja kwa kitambaa kwanza, weka kidonge cha kusafisha maji kama pakiti inavyosema, subiri nusu saa, maji ya baridi subiri zaidi. Kidonge hakifanyi kazi vizuri kwenye tope.
Na kuogelea hapana. Nchi za joto, maji yaliyotulia yenye majani yanaweza kuwa na konokono wa kichocho. Vijidudu vinapenya kwenye ngozi nzima, hata bila kidonda.

Sele, 13:39
Konokono wamerudi!!! 🐌🐌

Babu, 17:45
🎤 Ujumbe wa sauti (1:12)

Shangazi Rehema, 17:52
Shikamoo Baba. Neema mwanangu waandikie walio kazini.

Dada Neema, 18:06
Shikamoo Babu. Nimeandika kama alivyosema:
"Nimewasikia. Mwenye mwendo wa polepole kuliko wote ndiye atembee mbele, wengine wafuate mwendo wake. Faraji atakuwa wa mwisho. Wa mwisho kabisa, kipenga shingoni, hakuna mtu nyuma yake. Kila njia panda wote mnakusanyika, mnahesabiana kwa majina, ndipo mguu wa kwanza unainuka. Na saa nne kamili, kama hamjafika pale njia inapoachana na ziwa, hakuna kilima. Mnarudi kwa njia mliyojia. Rehema, usibishane na saa."

Anko Faraji, 18:49
Nimekusikia Baba.

Mama Tumaini, 18:50
Asante Baba 🙏🏾

IJUMAA

Shangazi Rehema, 07:05
Utabiri unasema mvua baada ya saa nane. Tutakuwa tumemaliza.

Dada Neema, 09:22
Tuweke na ya radi. Ukiona mwanga anza kuhesabu, kila sekunde 3 ni kilomita 1. Ngurumo ikija kabla ya 30, tunashuka saa hiyohiyo. Hatujifichi chini ya mti uliosimama peke yake, wala hatukai ukingoni mwa maji. Tunasubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Kila mtoto na koti la mvua. Akilowa na upepo wa ziwani ukampiga anapoa haraka kuliko sisi.
Ramani pakueni leo. Simu ziwekwe hali ya ndegeni, zikitafuta mtandao bondeni chaji inaisha.

Mjomba Hamisi, 11:40
👍🏾

Shangazi Rehema, 11:41
👍🏾 ya nini Hamisi? Unakuja au umeona?

Anko Faraji, 13:02
Kipenga nimepata. Watoto wafundishwe kuomba msaada: mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika, rudia. Anayejibu anapiga mara tatu.

Sele, 13:05
Wakifundishwa leo usiku hatulali

Shangazi Rehema, 19:30
Saa 1:30. Ziwa kulia au kushoto tutaamua palepale, nataka niyaone hayo mawe kwanza.

Dada Neema, 19:34
Shangazi 🤦🏾‍♀️

Mama Tumaini, 20:11
Mimi nakuja mpaka njia panda. Kilima nitaona hukohuko.

Anko Faraji, 22:03
Shemeji, kile kibebeo mkanda wa kiunoni ulikuwa umeachia. Ndio unaobeba uzito mwingi, mabega hayatafika hata kilomita 3. Ulishonwa?

Mama Tumaini, 22:41
Wa kiunoni ndiyo. Wa kifuani bado.