RX-7 yangu: nijenge upya 13B, nitafute 20B ya rota tatu, au niagize rota nne ya kuchongwa?

Kipanga_FD (Sharjah)
Wakuu salaam. Nina bodi la Mazda RX-7 FD, limenijia na 13B iliyokwisha kufa, ile injini ya rota mbili (rota ni kipande cha pembetatu kinachozunguka badala ya pistoni). Nataka nguvu farasi 650 hivi, gari la kupeleka Dubai Autodrome na mara mojamoja barabarani usiku. Njia ninazozipima: kujenga upya 13B na kuifunga turbo moja kubwa, kutafuta 20B ya rota tatu iliyotoka kwenye Eunos Cosmo, gari jingine la Mazda, au kuagiza rota nne kwa fundi wa New Zealand au Marekani. Bei nimeshaziulizia, sihitaji kutishwa nazo. Nataka kusikia kwa waliowahi kushika hizi mashine. Karibuni.

Tai_Mweusi
Weka V8 ya LS1, injini ya pistoni ya GM, lita 5.7, alumini tupu. Umemaliza.

Kipanga_FD
Nilijua utakuja mkuu 😂 Nakuheshimu, ila sivyo nilivyouliza.

BinMutrah (Muscat)
Sheikh wangu, kwanza tuzungumze hesabu, tena kila rota peke yake. 13B-REW, yaani 13B ya FD yako, ilitoka kiwandani Japani na farasi 255, yaani kama 127 kwa kila rota. Ukitaka 650 kwenye 13B, kila rota unaidai 325. Kwenye 20B inashuka mpaka 217 hivi. Rota nne, 163 tu. Sasa kumbuka R26B, ile rota nne ya Mazda 787B iliyoshinda Le Mans 1991: farasi kama 700 bila turbo, 175 kwa rota, ikakimbia saa 24. Kwa hiyo wote watatu watakufikisha 650. Swali ni nani atafika huku amekaza meno.

Na huku kwetu Ghuba kuna joto. Rota hupozwa kwa oili inayopita ndani yake, si maji peke yake. Mwezi wa saba hapa, gari likisimama kwenye foleni, oili haina pa kukimbilia. Kabla hujanunua rota hata moja, nunua vipozeo viwili vikubwa vya oili, kila kimoja na njia yake ya hewa.

Chonga_Gerezani (Dar)
Mimi ni mtu wa lathe, mashine ya kuchonga chuma, ngoja niseme la shafti maana watu hulipita haraka.

Wengi hudhani kuongeza rota ni kama kuunga behewa jingine kwenye treni. Sivyo. Shafti ya 13B ina beringi mbili tu, mbele na nyuma. Katikati hakuna kitu, na inatosha kwa sababu ni fupi. Ukiirefusha kwa rota ya tatu, kwenye mizunguko 8,000 itapinda katikati, rota zianze kusugua kuta. Lazima uishike kwa beringi ya kati. Sasa shingo ya beringi ina milimita 43, na ile sehemu ya pembeni inayobeba rota ina milimita 74. Pete ya 43 utaipitishaje juu ya 74? Haipiti hata umwite mganga.

Mazda walikata shafti ya 20B vipande viwili. Kipande kirefu kinaingia kwanza, kisha sahani nene ya kati yenye beringi na gia yake isiyozunguka, ndipo kipande cha rota ya mbele kinachomekwa kwenye koni na kukazwa. Koni hiyo ndiyo roho ya injini. Ikiwa imechongwa vibaya kwa kiasi cha unywele, rota ya mbele inakuwa haiko sawa na wenzake. Rota nne ina kazi hiyohiyo, ila viungo vinaongezeka. Ukiagiza kwa fundi, usimuulize farasi ngapi. Muulize shafti ni ya vipande vingapi, vinaungwa vipi, na nani aliichonga. Akijibu kwa kuzungukazunguka, funga mkoba wako.

Kipanga_FD
Hapo nimejifunza kitu. Nilikuwa natazama turbo muda wote.

Makanika_NBO (Nairobi)
Wazee, mimi nimefanyia kazi RX-8 zaidi, lakini ugonjwa wa rotari ni mmoja. Boss, ukipata 20B ya mtumba, usikubali kupimiwa kompresheni na kipimo cha injini ya pistoni. Rota ina pande tatu, na kipimo cha kawaida kitakuonyesha ule mmoja wenye nguvu kuliko wote. Mbili zinaweza kuwa zimekufa na usijue. Dai kipimo cha rotari, kinachotoa namba tatu kwa kila rota, na injini iwe ya moto. Hiyo 20B ilianza 1990 na Cosmo haikuendelea kutengenezwa baada ya katikati ya miaka hiyo, kwa hiyo hata iliyo safi kwa macho, raba za maji ndani zimezeeka. Hesabu kuifungua tu.

Halafu Cosmo ilikuja na gia otomatiki pekee. Lakini gia boksi ya RX-7 ya turbo inafunga nyuma ya 20B, hapo una bahati.

Tai_Mweusi
Na sehemu ya mbele? Injini inarefuka zaidi ya sentimita 10. Boriti ya chini unakata, radieta unalaza. V8 ni fupi. Nasema tu.

BinMutrah
Hilo kasema kweli. Na rota nne inarefuka mara mbili ya hapo. Mad Mike, dereva wa drifti wa New Zealand, alifunga rota nne kwenye MX-5 yake ya drifti, lakini lile gari lilijengwa upya kuizunguka injini.

Kipanga_FD
Kwa hiyo 13B mnaifuta kabisa? Ndiyo nyepesi na inaingia bila kukata chuma.

Makanika_NBO
Haifutwi. 400 mpaka 450 ni injini tamu sana. Juu ya 500 sahani ya nyuma huanza kupasuka karibu na pini za kupangia, unalazimika kuongeza pini nene au kuweka sahani za alumini zilizochongwa. Na petroli ikigonga, yaani ikilipuka ovyo ndani, mara moja tu, sili ya ncha ya rota inavunjika, inachora ukuta wa hausingi, kisha inatokea kwenye turbo. Kwa 650 unaishi ukingoni kila unapokanyaga.

Chonga_Gerezani
Kura yangu 20B. Rota zake ni zilezile za sentimita za ujazo 654 kama za 13B, kwa hiyo hizo utazipata. Ulinde shafti na ile sahani nene, hazina ndugu. Rota nne iache mpaka utake farasi 1,000.

BinMutrah
Nami 20B. Changanya na oili ya tu-stroki kidogo kwenye tangi, kama wavuvi wa huko Pwani wanavyofanya kwenye mashine za boti. Sili zitakushukuru.

Kipanga_FD
Oili kiasi gani kwa tangi zima?

Makanika_NBO
Barabarani wengi huanzia sehemu moja kwa 200. Tangi la lita 60, mililita 300. Siku ya mbio ongeza. Na mimina oili kwanza, petroli baadaye, ichanganyike yenyewe.