Yule mtaalamu wa mjadala wa leo, hivi anatuonaje?

Mchimba Chumvi (mleta mada):
Wakuu, nina hasira mpaka meno yanauma. Mliokuwa kwenye mjadala wa mtandaoni wa usiku huu kuhusu kutokomeza silaha za nyuklia mnamjua ninayemsema. Simtaji. Yule wa sauti nzito ambaye hamalizi sentensi bila kukumbusha kwamba aliwahi kukaa Geneva, kule wanakojadili silaha hizi. Huyo huyo.

Nimenyoosha mkono tangu mjadala unaanza, maiki nimeipata watu wanaelekea kulala. Nikauliza kistaarabu kabisa: mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia unafanya kazi tangu 1970, kifungu cha sita kinawataka wakubwa wajadiliane kwa nia njema waachane nazo, mbona duniani bado kuna vichwa vya nyuklia zaidi ya 12,000?

Jamaa akacheka. Akacheka, wakuu! Halafu akasema, "Ndugu yangu, wewe hata umeme wa kuchaji simu huna uhakika nao, nyuklia inakuhusu nini?"

Nawasha maiki nimshushue, UMEME UKAKATIKA. Saa ile ile. Wi-Fi chali, mimi gizani na mdomo wazi. Nimekuja kupata bando, mjadala umeshafungwa, watu wanapeana asante kwa michango mizuri. Sasa hivi nusu ya Afrika Mashariki inaamini nimekimbia.

Inanihusu nini? Urani ya bomu la Hiroshima sehemu kubwa ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, hapo Kongo jirani tu. Ufaransa jaribio lake la kwanza, Februari 1960, ililipua Reggane, Sahara ya Algeria, haikulipua Paris. Afrika Kusini ilikuwa na mabomu sita kamili ikayafumua yenyewe, rais wao de Klerk akalitangazia Bunge Machi 1993. Na Mkataba wa Pelindaba wa kuifanya Afrika isiwe na silaha hizi, nchi ya 28 iliyouwezesha kuanza kufanya kazi 2009 ni Burundi. BURUNDI! Unadhani Bujumbura umeme haukatiki?

Lakini hata hayo tuyaache. Mtu mzima kuchekwa hadharani vile?

Binti wa Forodhani:
Nilikuwepo. Mkuu, ulikimbia.

Mchimba Chumvi:
UMEME ULIKATIKA.

Kiazi Mbatata:
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Jamaa katabiri na ikatimia papo hapo. Huyo si mtaalamu tena, huyo apewe kilemba.

Mzee Kobazi:
Mleta mada punguza povu. Kuchekwa umeanza wewe? Visiwa vya Marshall vimelipuliwa mabomu 67 ya majaribio kati ya 1946 na 1958. Mwaka 2014 wakaenda Mahakama ya Kimataifa kule The Hague, wakazishitaki nchi zote tisa zenye bomu kwamba hazitekelezi wajibu wa kuachana nayo. Mwaka 2016, kwenye kesi tatu zilizofika mbele, wakaambiwa hazisikilizwi, hakujathibitika kuwa kuna mgogoro kati yao na walioshitakiwa. Kwenye kesi ya Uingereza majaji walikuwa nane kwa nane, kura ya rais wa mahakama ndiyo ikaamua. Wewe umekatiwa umeme tu.

Mchimba Chumvi:
Asante mzee wangu kwa darasa, ila wao walichekwa kwa Kiingereza cha kisheria. Mimi nimechekwa kwa Kiswahili, shemeji zangu wakisikiliza.

Dogo Nondo:
Huyo mtaalamu yuko sahihi kucheka. Ukraine ilikubali kusalimisha zile za Kisovieti zilizobaki kwake, 1994 ikapewa pale Budapest karatasi ya ahadi kwamba mipaka yake itaheshimiwa. Muulizeni leo anaionaje karatasi.

Binti wa Forodhani:
Ndiyo maana nchi 122 zilipitisha mkataba wa kuzipiga marufuku kabisa, Julai 2017. Umeanza kutumika Januari 2021.

Dogo Nondo:
Na wenye mabomu wangapi wametia saini?

Binti wa Forodhani:
Hakuna.

Dogo Nondo:
Nimemaliza.

Kiazi Mbatata:
Wanaume wasiokunywa wamekubaliana kuufunga ule mlango wa baa 😂😂

Mchimba Chumvi:
Mnatoka nje ya mada. Mada ni kicheko. Mtu anakwambia huna umeme…

Mama Sambusa:
Kwani uongo? Mimi friji langu limeungua wiki hii, umeme umerudi kwa hasira kama umetukanwa. Nyama ya oda yote imeharibika. Hilo ndilo bomu, njooni mlitokomeze.

Kaka wa Likoni:
Huku Mombasa stima ikipotea ukipiga simu unaambiwa mafundi wako njiani. Hiyo njia sijui inapitia Lamu. Mleta mada shukuru ilirudi usiku huo huo.

Mama Sambusa:
Afadhali nyinyi mnapokelewa simu!

Mzee Kobazi:
Luku nayo. Unaweka hela, asubuhi uniti hazipo, na nyumba nzima ilikuwa na taa moja.

Mchimba Chumvi:
Jamani. Vichwa elfu kumi na mbili.

Kiazi Mbatata:
Mkuu nenda kalale, kesho utamjibu kama utawaka.

Msimamizi:
Uzi umehamishiwa jukwaa la Nishati na Vifaa vya Nyumbani.

Mchimba Chumvi:
MSIMAMIZI ACHA HIZO! Uzi ni wa silaha! Na huyo jamaa nina uhakika anausoma huu na anacheka tena.

Fundi Nyaya:
Mama Sambusa, friji usilichomeke umeme ukirudi tu, subiri utulie. Weka na kile kifaa cha kulinda friji umeme ukipanda ghafla.

Mama Sambusa:
Ahsante mwanangu. Kwani inverta ya wati 1000 inasukuma friji la milango miwili?

Fundi Nyaya:
Inategemea, likianza kuwaka linavuta zaidi ya kawaida. Nitumie picha ya ile karatasi iliyobandikwa nyuma.