Wapi naweza kujifunza kenpo hapa Arusha?

Wakuu, heshima kwenu. Natafuta mwalimu wa kenpo, sanaa ya mapigano ya kujihami, hapa Arusha, ile ya Kimarekani iliyoanzishwa na Ed Parker, mzaliwa wa Hawaii. Kila ninayemuuliza ananielekeza kwenye karate ya Shotokan au taekwondo. Sina ubaya nazo, ila kenpo nimeipendea mikono: mtu akikukaba shati, unamshushia mapigo matatu manne mfululizo kabla hajavuta pumzi.

Nakaa Sakina, kazini natoka saa kumi na mbili jioni. Njiro nafika, hata Moshi wikiendi naenda.

Kama hakuna kabisa, nianze na karate, au nitazoea vitu vya kuja kuvifuta baadaye? Halafu mikanda myeusi inauzwa hata dukani, sasa mwalimu wa kweli namtambuaje? Na ada huwa wanatoza kwa mwezi au kwa kipindi?