Diski ya seva ya Postgres haipumui kuanzia saa 2 asubuhi

Mwuliza, Wete
Assalaam alaykum. Seva ya duka la jumla: Ubuntu, PostgreSQL (programu ya hifadhidata), rami GB 4, diski moja ya SATA ya kuzunguka. Wauzaji wakishaanza kuingiza mauzo, skrini zote zinaganda. `iostat -x`, amri ya kupima kazi ya diski, inatoa %util 99, na prosesa haina kazi ya maana. Ninunue SSD?

Fundi, Mkunazini
Waalaykum salaam. Usitoe pesa bado. %util inasema diski ilikuwa kazini muda wote, haisemi kazi ya nani. Endesha `iostat -x 1 10`, ripoti ya kwanza itupe kwani ni wastani tangu seva iwashwe, halafu linganisha rkB/s (kusoma) na wkB/s (kuandika). Kisha `vmstat 1`: si na so zisipotulia kwenye sifuri, rami imekwisha na diski inabeba swapu, yaani inafanya kazi ya rami. `sudo iotop -o` itamtaja mlaji. Isije ikawa ni bekapu tu iliyopangwa saa hiyohiyo.

Mwuliza, Wete
si na so ni 0. Kusoma MB 90 kwa sekunde, kuandika kidogo mno. Walaji wote ni postgres. Jedwali la mauzo lina GB 11.

Fundi, Mkunazini
Basi kuna kwiri (ombi la data) inasoma jedwali zima, na GB 11 haziingii kwenye rami ya GB 4, kwa hiyo kila mara inarudi diskini. Tazama pg_stat_activity (orodha ya kwiri zinazoendelea), penye wait_event ya DataFileRead, yaani inasubiri kusoma diskini, chukua kwiri hiyo uipitishe kwenye EXPLAIN ANALYZE, itakuonyesha inavyotekelezwa. Ukikuta Seq Scan, yaani kusoma jedwali zima, kagua sharti lake. Kosa lililozoeleka ni `WHERE muda::date = current_date`: indeksi (faharasa ya kutafutia haraka) ya muda ipo, ila safu ikishageuzwa hivyo haitumiki. Andika `muda >= current_date AND muda < current_date + 1`. Kama indeksi haipo kabisa, CREATE INDEX CONCURRENTLY, mauzo yasisimame.

Mchangiaji, Chake Chake
Na shared_buffers (rami ambayo Postgres hujitengea), kama bado ni MB 128 za kuanzia, ipandishe hadi GB 1 kisha uwashe Postgres upya. Atakayekushauri uzime fsync (inayohakikisha data imefika diskini) usimsikilize. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, hifadhidata yaweza isifunguke tena, na umeme wetu mnaujua.

Mwuliza, Wete
Ni hiyohiyo `muda::date`, kwenye ripoti ya mauzo ya leo inayojisasisha kila sekunde 5 katika kila mashine! Nimebadilisha sharti, %util sasa 6. Ahsanteni mashekhe.