Naomba ushauri: nigombee uenyekiti wa kijiji au nibaki viti maalum?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Rungwe, upande wa Tukuyu, nalima viazi na ndizi. Ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji kupitia viti maalum. Sasa kina mama wa kikoba wananisukuma nichukue fomu ya uenyekiti 2029.

Shida iko hapa. Siku ya kura, foleni imejaa kina mama, wengine na watoto mgongoni. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo baba mwenye nyumba ameshataja jina, na mama anakwenda kulitia tiki hilo hilo. Kwangu mimi kupiga kura nako ni kuongoza: wewe ndiye unayeamua nani ashike muhuri wa kijiji, nani asimamie bomba la maji. Nawakumbusha kura ni siri, mume haingii nawe kwenye kituturi. Wanacheka tu: "Kura yangu moja itafanya nini?"

Shemeji zangu nao wanataka nitosheke na robo ya viti vya halmashauri ya kijiji iliyowekewa wanawake kisheria. Niliwauliza, mbona Dkt. Tulia Ackson, mwanamke kama mimi, 2020 alichukua jimbo la Mbeya Mjini kwa kura za wananchi? Wakaanza kuulizia chai.

Mliowahi kugombea vijijini, mliongeaje na kina mama bila kuleta ugomvi kwenye nyumba za watu? Na kura za maoni ndani ya chama mlizivukaje bila hela ya maana? Mume wangu hajakataa, ila kukubali bado.