Naomba ushauri: picha za karibu za Peugeot 404 ya mwaka 1966

Ndugu wanachama, habari zenu. Baba yangu mdogo anamiliki Peugeot 404 ya mwaka 1966, aina ile ile iliyoshinda Safari Rally mwaka huo, kisha 1967 na 1968, nami ningependa kupiga picha za sehemu zake ndogo, hasa nembo ya simba kwenye grili na mishono ya viti, kabla fundi hajaigusa.

Kinachonishinda ni kromu, yaani ule utando wa chuma unaong'aa. Bampa hunionyesha mimi mwenyewe na anga lote kama kioo, na ingawa kichujio cha polaraizi (kioo cha kufunga mbele ya lenzi ili kukata mng'ao) kimepunguza mng'ao kwenye vioo vya madirisha, kwenye kromu hakikusaidia. Je, nikitandaza shuka jeupe juu na pembeni, mwanga utatulia bila kufanya chuma kionekane kimepauka?

Vilevile, kwa lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 100, nikifungua tundu la lenzi hadi f/4 simba anaonekana vizuri lakini kingo za nembo zinafifia. Nikibana tundu hadi f/16, mwanga unapungua, kamera inachukua muda zaidi kupiga, na mikono inatikisa picha. Nitumie stendi pekee, au nipige picha kadhaa nikisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha niziunganishe kwenye kompyuta? Natanguliza shukrani.