Re: Praktikum ya hiari, siku 140, au nirudi SEAP?

Mdau, Aachen
Wakuu, shikamooni. Nimepata Praktikum (mafunzo ya kazi kampuni) ya hiari ya miezi sita hapa Ujerumani kuanzia Oktoba, kupima pampu za haidroliki. Ausländerbehörde (ofisi ya wageni) wamejibu kwamba kwa vile haimo kwenye Prüfungsordnung, kanuni za mitihani za chuo, kila siku inakatwa kwenye zile 140 ambazo mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi kwa mwaka, na nyingine nimeshazitumia kwa kazi ya Werkstudent, yaani kibarua cha mwanafunzi. Wanasema hazitatosha. Naomba kujua: hii miezi sita ERB (bodi ya usajili wa wahandisi Tanzania) wanaihesabu kwenye miaka mitatu ya SEAP, yale mafunzo ya vitendo ya wahandisi wahitimu? Kama hawaihesabu, nimalize masters haraka nirudi nyumbani.

Mdau, Hannover
Siku ni 120 mdogo wangu, siyo 140. Usiwape watu hesabu za mtaani.

Mdau, Bremen
Kaka wa Hannover, 120 ilikufa tarehe 1 Machi 2024. Sasa ni siku 140 kamili au nusu-siku 280, na hizo ni za mwaka wa kalenda. Oktoba hadi Desemba inaingia mwaka huu, Januari hadi Machi inaingia mwakani, kwenye akaunti mpya. Miezi mitatu haifiki siku 66 za kazi. Mwandikie ofisa kwa maandishi, ambatanisha mkataba wenye tarehe na karatasi za mishahara za mwaka huu, umwombe akuonyeshe amezijumlishaje. Kule dirishani hapatatoka jibu. Kumbuka pia kwamba kazi ya Werkstudent isiyozidi saa 20 kwa wiki inaweza kukatwa siku mbili na nusu tu kwa wiki, hata kama ulienda siku nne. Wengi hukatwa zaidi kwa sababu hawakuuliza.

Dada, Stuttgart
Hapo hamjagusa pesa. Pflichtpraktikum, ile ya lazima kwenye masomo, haikatwi siku hata moja, lakini kampuni hailazimiki kukulipa kima cha chini. Ya hiari ikizidi miezi mitatu, kima cha chini kinaanza siku ya kwanza, ndiyo maana kampuni nyingi zinaikimbia. Na ukivuka saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, unakatwa bima ya afya na pensheni kama mfanyakazi yeyote. Piga hesabu ya kinachobaki mkononi kabla ya kusaini.

Njia ya tatu ni kuigeuza kuwa Masterarbeit (tasnifu ya masters) ndani ya kampuni. Ikiwa ni utafiti wa tasnifu tu, haihesabiwi kuwa ajira. Mtafute profesa kwanza, kampuni baadaye. Ukianza na kampuni utaletewa mada ambayo profesa hataisimamia. Na uangalie Sperrvermerk, sharti la kampuni la kuficha tasnifu: tasnifu ikifungwa kwa miaka mitano, mwajiri mwingine huna cha kumwonyesha.

Mdau, Bremen
Dada amesema kweli. Ila faida ya Praktikum ni Zeugnis, barua ya mwajiri ya kutathmini kazi yako. Usikubali karatasi ya „amehudhuria“. Dai ya kina, yenye kazi zote: ulipima shinikizo gani, uliandika programu gani, ripoti ilikwenda kwa nani. „Stets zu unserer vollsten Zufriedenheit“ (daima kwa kuturidhisha kikamilifu kabisa) ndiyo alama ya juu; ikiwa „zu unserer Zufriedenheit“ (kwa kuturidhisha) peke yake, mwajiri Mjerumani anasoma kwamba ulikuwa wa kusukumwa.

Kijana anayefikiria kubaki ajue hivi: kima cha mshahara cha Blue Card (kibali cha kazi cha wasomi) kwa 2025 kilikuwa euro 48,300 kwa mwaka, ila kwa wahandisi na waliomaliza chuo ndani ya miaka mitatu kilikuwa 43,759.80. Ukiwa na Zeugnis ya benchi la pampu, utaitwa kwenye pampu tena. Mlango unafunguka, lakini ni mlango mmoja. Nyumbani wanataka mtu anayesoma michoro asubuhi na kusimamia mafundi mchana.

Mdau, Hannover
Nyumbani wapi? Bwawa la Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, mkandarasi Mmisri. SGR, Waturuki na Wachina. Vijana wetu wamebaki kushika prizma ya kupimia. Tungewafundisha hapohapo Rufiji, nani angekuja kugombana na siku 140?

Dada, Stuttgart
Kaka, siasa peleka kwenye kundi lingine. Mitambo ile itahitaji matengenezo miaka hamsini, na mkandarasi hakai. Hapo ndipo mtu wa haidroliki anapotakiwa.

Mdau, Leipzig
Samahanini kuingilia. Mimi kibali cha ukaazi kinaisha Novemba, nimepewa Fiktion (karatasi ya muda wakati ombi la kibali kipya linasubiri), nataka kwenda Dar Desemba. Nitarudi salama?

Mdau, Hannover
Na Fiktion huwezi kusafiri.

Mdau, Bremen
Kaka, tafadhali. Mwambie afungue ndani aangalie alama iko kisanduku gani. Ikiwa ni cha tatu, §81 Abs. 4 (kifungu cha 81, ibara ya 4 ya sheria ya ukaazi), kibali cha zamani kinaendelea: anatoka na kurudi, mradi abebe pasipoti na kadi ya zamani pamoja na karatasi hiyo. Ikiwa ni Abs. 3, asipande ndege.